Kuburudishwa: Neno la Kale la Nafuu na Safari Yake Hadi Vilima vya Muyama

Makala haya yanaanza na kosa langu mwenyewe. Nalitaja mapema ili asiwepo atakayedhani kuwa nimeketi kufundisha jambo nililolijua siku zote.

Mama yangu mzazi alifariki mwezi wa Juni mwaka 1989, nyumbani kwetu Muyama, katika vilima ambavyo wakati huo vilikuwa vya wilaya ya Kasulu na leo vimo katika wilaya ya Buhigwe, mkoani Kigoma. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya mbali. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu nyuma, na kichwa changu kilijaa sarufi. Jioni ya siku ya tatu ya msiba ikaja kwaya ya kanisa. Kiongozi wake, mzee aliyekaribia miaka sabini, akasimama mbele ya wafiwa, akavua kofia, akasema: "Poleni sana. Tumekuja kuwaburudisha."

Neno lile lilinichoma. Kwangu mimi burudani ilikuwa dansi, mpira na ngoma za sikukuu. Na mama yangu alikuwa na siku moja tu kaburini. Nikangoja wamalize nyimbo zao tatu, nikamwita mzee kando, penye migomba, nikamwambia kwa upole wa kujilazimisha: "Mzee wangu, nashukuru mmekuja. Ila msibani husemwa kufariji. Kuburudisha ni kwa harusini."

Mzee hakukasirika. Akaniangalia kitambo, kisha akasema: "Sawa, Mwalimu. Na Mfalme Sauli, alipoburudishwa kwa kinubi cha Daudi, ilikuwa harusi ya nani?" Akarudi zake kuota moto na wenzake.

Sikuwa na jibu. Nilijifanya nimeitwa ndani. Nimestaafu sasa, na swali lile nimelibeba miaka yote hiyo. Hapa nataka kulijibu kama lilivyostahili kujibiwa siku ile.

Neno lenyewe katika kitabu

Biblia aliyoisoma yule mzee ndiyo iliyotolewa mwaka 1952, ile inayojulikana kwa jina la Union Version. Ndiyo iliyolea masikio ya Wakristo wengi wa Tanzania na Kenya, hata wale ambao leo husoma tafsiri nyingine. Humo kitenzi kuburudika, pamoja na kuburudisha na kuburudishwa, hutokea mara nyingi kuliko nilivyodhani, wala si mara moja kinapohusu anasa.

Tazama mifano michache. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, amri ya siku ya saba haikuwekwa kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mwana wa mjakazi pamoja na mgeni, na neno wanalopewa hao wawili ni kuburudika. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 16, mfalme Sauli anateswa na roho mbaya. Daudi anapiga kinubi, na mfalme anaburudishwa. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, tajiri aliye motoni anaomba tone la maji kwa ulimi wake unaoungua, na kitenzi ni hicho hicho. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 3, Petro anawaahidi wanaotubu nyakati za kuburudishwa. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo mfungwa anamkumbuka Onesiforo, ambaye hakumwonea haya kwa sababu ya minyororo yake bali alimburudisha mara nyingi. Na katika waraka mfupi kwa Filemoni, ambao unamwombea mtumwa aliyetoroka, neno hili limetokea mara mbili.

Waweke watu hao katika mstari mmoja: mwana wa mjakazi, mgeni, mfalme mgonjwa wa nafsi, mtu anayeungua, wenye kutubu, mfungwa. Hakuna hata mmoja aliyetoka kutafuta starehe. Wote wamo katika jambo linalowabana au kuwachoma, na kuburudishwa ni kule kuondolewa makali kwa muda, pengine bila ya jambo lenyewe kuondoka. Onesiforo hakumfungua Paulo minyororo. Kinubi hakikumponya Sauli moja kwa moja, maana ile roho ilirudi tena. Lakini palikuwa na saa ya nafuu, na saa hiyo ndiyo inayoitwa kuburudishwa.

Ukoo wa baridi

Mshairi akitaka kulijua neno, na aanze na ndugu zake. Kuburudika ni mtoto wa Kiarabu, kutoka mzizi wa herufi tatu, b-r-d, ambao maana yake ni ubaridi. Kutoka mzizi huo tumepata baridi, burudi, burudisha, kiburudisho na burudani. Barafu, ingawa inafanana kwa sauti na kwa maana, si ya ukoo huu. Hiyo imetujia kutoka Kiajemi.

Kwa hiyo kumburudisha mtu, kwa maana ya kwanza kabisa, ni kumtia ubaridi. Yule tajiri wa Luka ndiye anayelitumia neno katika asili yake tupu: ulimi unaungua, maji yaje yaupoze. Wengine wote wamelitumia kwa mfano. Moyo huungua kwa huzuni, kwa hofu, kwa kazi isiyokwisha, nao hupozwa kwa wimbo, kwa siku ya mapumziko, kwa rafiki anayefika gerezani.

Mfano huo haukubuniwa na watafsiri wa Biblia. Waarabu, watu wa nchi ya joto kali, huisifu furaha kuu kwa kuiita ubaridi wa jicho, na Waswahili hatuko mbali nao tusemapo kuwa tumekwenda kuburudisha macho. Katika Kurani, katika sura ya Manabii, Ibrahimu anapotupwa motoni, moto wenyewe unaamriwa uwe baridi na salama kwake, na ubaridi unaotajwa pale ni wa mzizi huu huu. Mswahili wa pwani, awe Mwislamu au Mkristo, alikuwa ameshazoea kuisikia rehema ikisemwa kwa lugha ya ubaridi kabla mmisionari wa kwanza hajashuka jahazini.

Bahati ya watafsiri

Sasa nije kwenye jambo lililonishangaza nilipoanza kulifuatilia neno hili kwa utulivu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani. Katika Kiyunani, neno la Petro kuhusu nyakati za kuburudishwa ni anapsyxis, nalo kwa asili yake ni kupata ubaridi kwa pumzi au upepo. Kitenzi kinachomhusu Onesiforo ni cha shina hilo hilo. Na kitenzi cha ulimi wa yule tajiri ni cha shina hilo hilo pia. Maneno matatu, shina moja la ubaridi. Na Kiswahili kikayapokea yote matatu kwa shina moja la ubaridi. Lugha nyingi kubwa hazikuweza kufanya hivyo. Zimelazimika kutumia neno moja kwa ulimi na jingine kwa moyo, na msomaji wake haoni tena kuwa tajiri wa motoni na mfungwa wa Rumi walitamani kitu kimoja.

Haki inanitaka niseme kuwa si kila mahali mambo yamelingana hivyo. Katika waraka kwa Filemoni, Kiyunani kinazungumzia kupumzishwa, si kupozwa. Pale watafsiri wetu walichagua wenyewe, wakalitanua neno lao la pwani.

Kilatini nacho kilipita njia hiyo hiyo. Biblia ya kale ya Kilatini ilitumia refrigerium, yaani kupozwa, katika ahadi ya Petro, na kitenzi cha ukoo huo kwa ajili ya mwana wa mjakazi katika Kutoka. Wakristo wa kwanza wa Rumi waliliandika neno hilo makaburini chini ya ardhi, wakiwaombea wafu wao mahali pa kupoa. Na kutoka mzizi huo wa Kilatini ndiko lilikotoka jina la chombo tunachokiita friji. Ukifungua friji kutoa soda, ambayo katika mikutano yetu huitwa kiburudisho, umelitumia neno la makaburi ya Rumi na neno la Petro kwa pamoja. Maneno nayo yana ucheshi wake.

Neno lilivyopanda kutoka pwani

Kwamba Biblia ya Kiswahili imeibeba nafuu kwa neno la ubaridi si ajabu ukikumbuka ilitafsiriwa wapi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na huko ndiko alikoanza kutafsiri. Edward Steere, askofu aliyefariki mwaka 1882, alifanya kazi yake Unguja, na Biblia nzima ya kwanza ya Kiswahili, ya lahaja ya Kiunguja, ilitoka mwaka 1891. Mombasa nayo ikatoa Agano Jipya lake la Kimvita mwaka 1909 na Agano la Kale mwaka 1914. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, njia ikafunguka ya kuwa na Biblia moja kwa wote: Agano Jipya mwaka 1950, kitabu kizima mwaka 1952.

Alikuwepo aliyepinga mkondo huo. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyewahi kufanya kazi Usambara, alitaka Biblia yenye maneno machache ya Kiarabu kadiri iwezekanavyo, ili Mbantu wa bara aisome kama yake. Biblia yake ilitoka mwaka 1937. Haikushinda, lakini swali lake tusilidharau: neno lililozaliwa katika joto la pwani litamwambia nini mtu wa vilimani?

Swali hilo linatuhusu sisi watu wa Kasulu na Kibondo zaidi ya wengi. Kiswahili kilitufikia kwa njia ya misafara iliyoishia Ujiji, mji wa biashara ulio kando ya ziwa, ambao Burton na Speke waliufikia mwaka 1858. Ujiji ni nchi ya joto, mita zipatazo mia nane juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Ujiji hahitaji kuelezwa ubaridi una heri gani. Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma. Baada ya hapo watu wa Uha walianza kushuka kwa maelfu kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Ndio walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Walikwenda na Kiha, wakarudi na Kiswahili.

Wiki mbili baada ya msiba, nilipozunguka kuwashukuru majirani, nilifika kwa mzee wa kwaya. Nilikusudia kuomba radhi. Hakunipa nafasi, alianza yeye kusimulia. Alikuwa amekata mkonge Tanga akiwa kijana. Alinieleza miiba iliyotoboa mapaja, utomvu uliowasha ngozi, matita ya majani yaliyopaswa kutimia kabla ya siku kuandikwa katika kipande. "Jua la kule, Mwalimu, halina huruma," alisema. "Ukimaliza kazi, unakaa chini ya mwembe, upepo wa bahari unafika, mtu anakupasulia dafu. Wenyeji wakituona walikuwa wanasema: Haya, burudikeni. Neno hilo sikulijua kwa kitabu. Nililijua kwa koo."

Halafu akaongeza kwa sauti ya chini: "Siku ile nilikuona unaungua. Ndiyo maana nilisema vile."

Ubaridi wa vilimani

Hata hivyo, nilikuwa na shaka moja iliyobaki, na nadhani Roehl angenielewa. Muyama ni nchi ya baridi. Asubuhi za Juni ukungu hulala juu ya migomba na mibuni, na mgeni anayefika jioni husogezwa motoni kwanza. Kwetu baridi ni adui. Hukaa kifuani mwa watoto na katika magoti ya wazee. Ingekuwaje basi mtu wa vilimani aite nafuu kwa jina la baridi? Si neno la wageni hilo, lililopandishwa mlimani kwa nguvu?

Jibu nililipata katika lugha ya mama yangu, mahali ambapo sikuwa nimetafuta.

Kiha, Kirundi na Kinyarwanda ni ndugu wa tumbo moja. Zimetengana na Kiswahili zamani sana, lakini sauti zimeacha alama za njia. Pale Kiswahili kinaposema p, mara nyingi ndugu hawa husema h: sisi husema kupa, Kirundi husema guha. Pale Kiswahili kinaposema l, wao mara nyingi husema r: kulala kwa Kirundi ni kurara, kulia ni kurira. Sasa chukua kitenzi chetu poa. Zamani kilikuwa na l katikati, na l hiyo bado imo katika pole na polepole. Kipitishe katika njia hiyo ya sauti, pola itageuka kuwa hora. Na kutoka hora tumepata neno linalojulikana kuliko yote katika nchi zetu: amahoro, yaani amani, salamu ya kila siku.

Amahoro, basi, kwa asili yake ni kupoa. Na kumfanya mtu apoe, ambako Kiswahili husema kupoza, ndugu hawa husema guhoza. Neno hilo hutumiwa kwa kumfariji mwenye huzuni na kwa kumnyamazisha mtoto anayelia. Wanyarwanda wamelitumia hata kuziita nyimbo za kubembelezea watoto.

Nilipolitambua hilo niliweka kalamu chini. Neno la kwanza la nafuu nililowahi kulisikia maishani, kabla ya Biblia na kabla ya chuo cha ualimu, lilikuwa neno la ubaridi, nalo lilikuja pamoja na wimbo, mgongoni mwa mama yangu. Watu wa vilimani, pamoja na baridi yao, walijua kuwa ugomvi huwaka, homa huwaka, kilio huwaka, na dawa ya vyote ni kupoa. Mzee alikuwa amekuja kwenye msiba wa mama yangu kunifanyia lile lile alilonifanyia mama nilipokuwa mchanga, nami nikamsahihisha.

Kila nafuu na adha yake

Jambo hili limenifundisha kanuni ndogo ambayo napenda kuwaachia washairi. Kiswahili kina maneno mengi ya nafuu, na kila moja limebeba ndani yake aina ya dhiki iliyotangulia. Anayeyachanganya kana kwamba yote ni sawa anapoteza nusu ya maana.

Faraja imetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunguka au kupasuka penye mwanya. Anayehitaji faraja amezingirwa. Ukuta umemzunguka pande zote. Kupumzika kumetokana na pumzi. Anayepumzika alikuwa anahema. Kutulia kumetokana na kutua, kitenzi cha mtu anayeshusha mzigo. Aliyetulia alikuwa amebeba. Nafasi imetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kupumua, ule ule uliotupa nafsi, na aliyepewa nafasi alikuwa amebanwa. Raha na roho nazo ni ndugu, za mzizi mmoja unaohusu pumzi na upepo. Kuburudika na kupoa ni vya mtu aliyekuwa anaungua.

Hapa kuna jambo ambalo mpenzi wa tamthilia za maneno atalifurahia. Katika Kiebrania, ile aya ya Sauli inacheza na mzizi mmoja: neno la roho iliyomtesa na neno la nafuu aliyoipata huandikwa kwa herufi zile zile tatu. Mzizi huo wa Kiebrania ni ndugu wa ule wa Kiarabu uliotupa roho na raha. Kwa hiyo Kiswahili kingeweza kabisa kuucheza mchezo huo: roho mbaya ikaondoka, raha ikaingia. Watafsiri wetu hawakuufuata. Walichagua ubaridi badala ya raha, wakapoteza mchezo wa sauti lakini wakapata picha ya mfalme anayeungua. Siwalaumu. Ila mshairi anayesoma makala haya asiseme hakuambiwa kuwa roho na raha zinangoja kufungwa katika vina.

Jinsi neno lilivyofinyangwa upya

Limebaki swali la mwisho: kama maana ilikuwa ni hiyo, kwa nini mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilisikia dansi tupu?

Kwa sababu kizazi changu kililikuta neno burudani limeshahamia kwingine. Magazeti yalikuwa na ukurasa wa michezo na burudani. Redio ilitangaza burudani. Mabango ya kumbi yaliahidi burudani hadi asubuhi. Mwenye kumbi hasemi wateja wake wanaungua na nini. Anauza tiba bila ya kutaja ugonjwa. Pole pole nomino ikaivuta na kitenzi, hata mtu akisema kuburudika leo, wengi husikia kiti, kinywaji na muziki.

Zamani ningeita jambo hilo upotofu wa lugha na kulipigia mstari mwekundu. Siku hizi nasita. Ukimtazama Sauli vizuri, muziki na nafuu vilikuwa pamoja tangu mwanzo. Burudani ya leo haikuzua maana mpya. Imeichukua nusu ya ile ya kale, ikaushika wimbo, ikaliacha jeraha. Na hata katika kumbi zenyewe, nani anajua? Vibarua waliokwenda kwenye dansi Jumamosi baada ya wiki ya kazi ngumu hawakuwa mbali na yule mwana wa mjakazi aliyewekewa siku yake ya kuburudika. Pengine wao walilijua neno vizuri zaidi kuliko mimi niliyelisahihisha.

Kwa hiyo sipendekezi kuwa burudani ifukuzwe kurasa za michezo, wala kuwa wahubiri walipigie neno la kale mbiu. Napendekeza jambo dogo zaidi. Mshairi anapoliandika kuburudika, ajiulize kwanza: huyu alikuwa anaungua na nini? Akipata jibu, neno litafanya kazi yake yote, ya dafu na ya kinubi. Asipopata, basi yaelekea alihitaji kustarehe, na kustarehe lipo, halina kosa. Na mwalimu mwenzangu aliyeshika kalamu nyekundu, mwanafunzi akiandika kuwa wafiwa waliburudishwa kwa nyimbo, asimkate alama kabla ya kumuuliza alilisikia wapi.

Mzee wa kwaya alifariki miaka michache baada ya mama. Nilikuwa kazini mbali, na habari zilinifikia akiwa ameshazikwa. Nilipofika Muyama likizo, nilikwenda kwa mjane wake nikamkuta amekaa mlangoni. Nilikaa chini, nikampa pole, kisha nikamwambia kuwa nimekuja kumburudisha. Hakushtuka. Alicheka kidogo, akasema hilo ni neno la mume wake, akaingia ndani kuniletea maji ya kunywa.